Mstari wa Sabini

Ernestine alipoiona ile mashine kwenye rafu ya duka moja la mitumba kule Biwi, mtaa wa Lilongwe, kati ya pasi iliyoungua na feni isiyo na mapanga, alifanya kile ambacho mshonaji yeyote aliyekomaa sokoni angefanya: aliipa mgongo. Akauliza bei ya feni. Akauliza bei ya pasi. Akachukua redio moja, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi, akairudisha. Wakati wote huo moyo ulikuwa ukimwenda kama cherehani iliyokanyagwa na mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Ilikuwa mwaka 2012. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, karatasi ya ruhusa ya siku mbili imekunjwa ndani ya sidiria, kuja Lilongwe kununua nyuzi na zipu. Nyuzi na zipu zilikuwa kweli. Lakini mumewe, Honoré, alijua, na majirani walijua, kwamba Ernestine akienda Lilongwe harudi na nyuzi peke yake. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa tayari na kompyuta nne za miaka ya themanini, zile ndogo za nyumbani ambazo ni kibodi tupu: unaichomeka kwenye televisheni, inakuamkia kwa neno moja, kisha inakungoja uiambie la kufanya. Moja ilikuwa na vitufe vya mpira, vilaini kama kifutio cha shule. Nyingine ilikuwa imepoteza kitufe chake kirefu cha chini, na Ernestine alikibadilisha kwa kipande cha rula ya kukatia suruali. Zote alizipata kwa watu waliokuwa wakihama na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mponela, ambao walizipima kwa kilo. Zote alizifufua mwenyewe. Akishakunja nguo za wateja, aliketi kuziandikia programu: ya kukadiria kitambaa cha sketi, ya kutunga majina ya watoto, ya nyoka anayekula nukta mpaka anajing'ata mkia.

"Bengine babibi babo banaficha pombe," Honoré alikuwa akiwaambia wageni. "Wa kwangu iko naficha mashini chini ya kitanda. Mi nalalaka juu ya siyansi."

Lakini hii ya tano ilikuwa habari nyingine. Herufi ya kwanza kabisa, juu kushoto, ilikuwa A, na jirani yake Z. Ilikuwa kibodi ya Kifaransa. Ernestine hakuwa ameiona mashine ya aina hiyo tangu mwaka 1987, Bukavu, alipokuwa na miaka kumi na saba.

Mwenye duka alikuwa mtu mwaminifu, akamweleza kasoro zake zote mbili. Kwanza, haitoi picha: plagi yake, pana kama kitana, haiingii kwenye televisheni yoyote aliyojaribu. Pili, na hapa alicheka mpaka akafuta macho, huko ilikotengenezwa walikosea kupanga herufi. Ernestine akaitazama kibodi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakubali kwamba ni aibu kubwa, watu wazima kutojua A inakaa wapi. Akasema ataichukua kwa ajili ya waya wake tu. Mwenye duka akaingiwa na huruma, akamwongezea na ile pasi bure.

"Zikomo, mayi," mwenye duka alimshukuru kwa Kichewa, akiifunga mashine ndani ya gunia la sukari, na Ernestine akatembea mpaka kona ya pili kabla ya kuthubutu kucheka.

Sasa ni lazima habari za Evariste zisemwe, maana bila Evariste hii ingekuwa kibodi tu.

Mwaka ule wa 1987, shule moja ya Bukavu ilipewa mashine kama hiyo, moja kwa wanafunzi thelathini na wanane. Kila mwanafunzi alipata dakika kumi kwa mwezi. Siku nyingine zote waliandika programu kwenye karatasi za miraba, na mwalimu akazisahihisha kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha insha. Kwa mtihani wa mwisho, Ernestine aliandika programu ya kuchora Ziwa Kivu. Alichukua ramani, akaiweka juu ya karatasi ya miraba, akatoboa kwa sindano nukta sitini na nne kuzunguka ufuko, kisha akaandika namba za kila nukta. Mstari wa sabini wa programu yake ndio uliofanya kazi yote. Uliiambia mashine: chora mpaka nukta inayofuata. Basi. Haukusema uchoraji uanzie wapi. Kwa akili ya Ernestine, kalamu inaendelea pale ilipoachia, kama sindano ambayo haijatoka kwenye nguo.

Evariste, mvulana wa Goma aliyeletwa Bukavu kusoma na ambaye alikuwa wa kwanza darasani tangu kabla hajaota ndevu, aliinua mkono akasema mashine itakataa. Mstari una mwisho lakini hauna mwanzo. Kitu kama hicho hakipo. Mwalimu akafikiri, akamwamini Evariste, akaandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: *Faux*, si kweli. Zamu ya Ernestine ya dakika kumi ilipofika, umeme ulikatika akiwa kwenye nukta ya ishirini. Mwezi uliofuata mashine ilihamia ofisini kwa mkurugenzi, ikawa pambo lenye kitambaa cha kufuma juu yake. Evariste akachukua zawadi ya darasa.

Mambo makubwa kuliko hayo yalikuja baadaye, na hatutayahesabu hapa, anayeyajua anayajua. Yaliwatupa wote wawili, kwa njia tofauti na kwa miaka tofauti, mpaka Dzaleka. Ernestine alipoteza njiani vitu vingi vya maana, lakini ile karatasi yenye matundu ya sindano ilifika, imeshonewa ndani ya jalada la Biblia. Evariste naye alifika na mdomo wake. Sasa alikuwa mwalimu wa Kifaransa na rais wa wanafunzi wa zamani wa shule ile, wote kumi na wawili pamoja na Ernestine, na kila harusi, kila ubatizo, akipewa kipaza sauti alisimulia habari za ziwa la Ernestine lisilo na mwanzo. Watu walicheka. Ernestine naye alicheka, kwa kuwa ni mtu wa kucheka, ila akifika nyumbani alishona mpaka sindano ikakatika.

Kuna wakati alidhani ameimaliza kesi. Aliiandika programu yake upya kwenye ile kompyuta ya vitufe vya mpira, ya Kiingereza, akapunguza namba kidogo ili zienee, na ziwa likatoka zima, limesimama sawasawa, Goma juu na Bukavu chini. Akamwita Evariste. Evariste alikunywa chai, akatazama, akasifu chai.

"Hiyo ni Mungereza," alisema. "We uliandikia Mufaransa. Kesi yetu ni ya Mufaransa."

Na sasa Mfaransa alikuwa ndani ya gunia la sukari, ndani ya minibasi ya kurudi Dowa, wilaya yenye kambi, juu ya mapaja ya Ernestine, na swali lilikuwa moja tu: mstari wa sabini unapita au haupiti?

Honoré alilifungua gunia, akahesabu kwa vidole mpaka tano, akavuta pumzi ya kusema. Kisha akauona uso wa mkewe, akaenda mwenyewe kusogeza kitanda.

Mashine iliwaka taa yake ndogo siku hiyohiyo. Ilikuwa hai. Kilichobaki ni ile plagi. Ernestine aliikumbuka vizuri: televisheni zilizotengenezwa kwa ajili ya kule Ufaransa na majirani zake zilikuwa na tundu lake mgongoni, refu na jembamba, lenye macho ishirini na moja. Televisheni ya kwake ilikuwa na tundu moja la antena, kwisha. Basi ikaanza wiki ya kutazama migongo.

Aliingia nyumba kwa nyumba. Watu walimkaribisha, wakamvutia kiti. Yeye akakataa kiti, akaomba televisheni igeuzwe. Kufikia Jumatano kambi nzima ilikuwa na maelezo yake. Wengine walisema kodi ya televisheni inakuja na Mama Ernestine ndiye anayeandikisha, kwa hiyo mzee mmoja akaificha yake chini ya godoro na kuiwekea mto. Wengine walisema kuna shirika litawapa televisheni mpya wote watakaokutwa na migongo mibaya, na mama mmoja akaipiga yake kwa nyundo kidogo, pembeni, kwa adabu. Evariste alikuja mlangoni kwa Ernestine akiwa tayari anacheka kutoka barabarani.

"Nasikia we iko natafuta mwanzo wa ziwa nyuma ya bativii ya bantu," alisema.

"Funga kravati yako vizuri, président," Ernestine alimjibu. "Iko siku utaihitaji."

Alhamisi alifika kwa Mauwa. Mauwa alikuwa mwanamke wa Kindu, mpana wa mabega na mfupi wa maneno, mwenye ukumbi wa video ambako kambi ilikuwa ikitazama mpira. Televisheni yake ilikuwa imetoka Ubelgiji ndani ya kontena, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na hakuna aliyeigeuza tangu siku ilipowekwa. Mauwa akasema haigeuzwi. Ernestine hakubishana. Alijipenyeza nyuma yake kwa magoti, tochi ya simu mdomoni, utando wa buibui kichwani kama shela ya bibi harusi. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Lilikuwepo. Refu, jembamba, macho ishirini na moja. Alikaa huko nyuma kitambo, mpaka Mauwa akauliza kama amekufa.

Sharti la Mauwa lilikuwa fupi kama yeye. Jumamosi, mpira unaanza saa kumi. Ernestine angepewa televisheni kuanzia saa tisa kamili mpaka saa kumi kasoro dakika kumi, hata dakika moja zaidi hapana, maana mpira ndio unaowalisha watoto wake, na ziwa halijawahi kumlisha mtu wa Kindu.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa nane. Nusu walikuja kwa ajili ya mpira wakawahi viti. Nusu walikuja kwa ajili ya kesi. Wanafunzi wa zamani kumi na mmoja walikaa benchi la mbele, na katikati yao Evariste, suti ya kahawia, kravati imefungwa vizuri. Honoré alisimama karibu na jenereta, kwa kuwa alisema kama umeme utakatika mara ya pili katika maisha ya mke wake, haitakuwa bila yeye kupigana nao.

Saa tisa kamili Ernestine akachomeka. Plagi ikaingia kama imerudi kwao. Kioo kilikuwa cheusi, kikatetemeka, kisha kikafunguka rangi ya buluu hafifu, na juu kushoto yakatokea maneno machache na alama ndogo inayongoja.

"Hii ni chaneli gani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Ernestine alikuwa ameanza.

Kwa miaka sita kwenye zile kompyuta za Kiingereza vidole vyake vilikuwa vikikosea kila siku, vinatafuta A na kuikuta Q, maana vilifundishwa Bukavu na havikukubali kusahau. Hapa havikutafuta kitu. Vilikimbia. Alisoma namba kwenye karatasi na mikono ikaenda yenyewe, nukta ya kumi, nukta ya ishirini. Pale pa nukta ya ishirini alisita kidogo, akamtazama Honoré. Honoré akatazama jenereta. Jenereta likaendelea kunguruma. Ya ishirini na moja. Ya arobaini. Watu wa mpira, ambao walikuja kulalamika, walikuwa wameanza kuhesabu naye kwa sauti. Ya sitini na nne ilipofika wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Saa tisa na dakika thelathini na tano aliandika mstari wa sabini, neno kwa neno kama mwaka 1987. Evariste alijisogeza ukingoni mwa benchi. Mashine ikaupokea mstari bila neno, lakini wote wawili walijua hiyo si hukumu. Mashine hupokea chochote unachoandika, na hukataa pale tu unapoiambia iende.

Ernestine akakausha viganja kwenye kitenge chake. Akaiambia iende.

Nukta ikawaka. Kutoka kwenye nukta ukatoka mstari mfupi. Kutoka mwisho wa mstari ule ukatoka mwingine, na mwingine, polepole, kwa mwendo wa mtu anayechora kwa mkono. Hakukuwa na kukataa. Sindano haikutoka kwenye nguo.

Kisha Ernestine akaona jambo. Alikuwa ameanzia nyumbani, Bukavu, kwa hiyo mstari ulitakiwa kuanzia chini. Huu ulianzia juu. Zile rasi za Bukavu, vile vidole vinavyoingia majini ambavyo alivitoboa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, vilikuwa vinajichora pale dari la kioo. Mstari ukashuka ubavuni, ukapanuka, ukafika chini kabisa, ukachora ghuba ya Goma kama kitako cha chungu, ukapanda upande wa pili, ukajifunga.

Ziwa Kivu lilikuwa zima. Lilikuwa limesimama kwa kichwa.

Ernestine alielewa katika sekunde ya kwanza. Kwenye karatasi za hesabu namba hupanda kwenda juu, ndivyo walivyofundishwa, na ile mashine ya Kiingereza ilihesabu hivyohivyo. Huyu Mfaransa alihesabu kama msomaji wa kitabu: sifuri yake iko juu, halafu anashuka. Wanafunzi thelathini na wanane na mwalimu wao hawakuliona, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa umeme wa kutosha kuliona.

Halafu mama mmoja wa Bukavu akazitambua zile rasi, akainuka, akapiga kigelegele. Bukavu iko juu. Goma iko chini. Upande mzima wa kushoto wa ukumbi, walikokaa watu wa Bukavu, ukasimama, viti vikaanguka, mtu akaanza kucheza na mtu asiyemjua. Watu wa Goma wakapaza sauti kwamba huo ni wizi. Watu wa Kindu, ambao ziwa halikuwahusu, wakashangilia pande zote mbili kwa zamu.

Evariste alikuwa amesimama. Suti yake ilionekana imempwaya ghafla.

"Ernestine," alisema. "Geuza."

"Nigeuze nini, président?"

"Goma iko chini."

"Naiona. Na mstari wa sabini?"

"Achana na mstari wa sabini. Goma haiwezi kukaa chini ya Bukavu ata dakika moja, mbele ya bantu. Geuza."

"Mi siwezi kugeuza kintu chenye hakikupita." Ernestine alikunja mikono. "Ulipita ao haukupita?"

Evariste akawatazama wale kumi wenzake. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

"Ulipita," alisema.

"Bale ba nyuma habasikii."

Evariste akageuka, akawaelekea watu wote, na kwa haki lazima isemwe kwamba alitumia sauti yake ya harusini, nzima, bila kuipunguza. "Ulipita," alisema. "Tangu mwaka wa themanini na saba ulikuwa unapita. Mi njo nilikosea, na prof akanifuata. Sasa, mama, tafazali, geuza."

Mauwa akasema ni saa kumi kasoro kumi. Akautoa waya wa mashine kwenye televisheni.

Na watu waliokuja kwa ajili ya mpira wakamzomea. Mauwa hajawahi kuzomewa ndani ya ukumbi wake tangu aufungue, akabaki ameshika waya, anatafuta ni nani aanze kumtoa nje. Ernestine alimsihi kitu kimoja tu, asiizime mashine, maana ikizimwa inasahau kila kitu, na mapumziko ya mpira yana dakika kumi na tano.

Kipindi cha kwanza magoli mawili yalifungwa. Evariste hakuona hata moja. Aliketi sakafuni karibu na mashine, koti limevuliwa, karatasi ya Ernestine magotini, akifanya hesabu nyuma ya bahasha ya kanisa. Ernestine alikuwa na jibu tangu mwanzo. Aliliacha, akamtazama akitoka jasho, akaona ni mpira mzuri kuliko ule wa kwenye kioo. Dakika ya arobaini Evariste akainua kichwa.

"Mia moja tisini na tisa," alinong'ona. "Njo namba ya mwisho ya kioo, kule chini. Kila namba ya kusimama, unaitoa kwenye mia moja tisini na tisa. Kunageuka kwote."

"Mia moja tisini na tisa," Ernestine alisema, kama mtu anayeisikia mara ya kwanza. "Kumbe."

Filimbi ya mapumziko ilipolia alimwachia kiti. Evariste aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, akirekebisha mstari wa sabini kwa mkono wake mwenyewe, na ukumbi mzima ukimsomea herufi zilipo. Akaiambia iende. Bukavu ikaanzia chini, Goma ikapanda mahali pake, watu wa Goma wakakumbatiana, na watu wa Bukavu wakadai la kwanza lirudishwe, lile ndilo lilikuwa sahihi.

Evariste aliegemea nyuma, ameridhika kama aliyejenga nyumba. Kisha uso wake ukabadilika. Akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Ernestine. Idjwi iko wapi?"

Ernestine akatazama kioo. Akatazama karatasi, upande huu na upande huu. Nukta sitini na nne, zote za ufuko. Katikati ya ziwa hakukuwa na kisiwa. Miaka ishirini na mitano walikuwa wamegombania kalamu ianzie wapi, wote wawili, na mwalimu, na zile harusi zote, na hakuna aliyeuliza kuhusu kisiwa kikubwa kuliko mji wowote kwenye ile ramani.

Mapumziko yalikuwa yanakwisha. Mauwa alikuwa ameshaushika waya.

"Mama Mauwa," alisema Evariste, bila kugeuka, "ba mpira batahadisiwa matokeo. Tupe dakika kumi."

"Tano," alisema Mauwa, na akavuta kiti, akakaa, kwa sababu naye alitaka kuona.

Ernestine alikuwa tayari ametoa sindano kwenye ukosi wa blauzi. Akailaza karatasi juu ya goti la Evariste, akamwambia asitikisike, akaanza kutoboa kisiwa kwa kukumbuka.